Kifua cha Kinyonga

Mke wangu alimwokota kwenye ua wa michongoma nyuma ya bomba la maji, mwaka ule tulipohamia landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, kule Nakuru. Watoto walikuwa wamempandisha kwenye kijiti na kumtia ugoro mdomoni, kama watoto wa wakati ule walivyofanya kila mahali, ili waone rangi zitakavyopita mwilini mwake akifa. Mke wangu aliwanyang'anya kijiti. Akakinga maji kwa kiganja na kumsuuza kinyonga mdomo, tone kwa tone, huku wanawake waliokuwa wakingoja zamu ya kuteka wakivuta madebe yao nyuma.

Jioni nilipotoka kazini nilimkuta kwenye pazia la dirisha letu. Alikuwa wa kijani kibichi, na pembe tatu zimetokeza usoni kama za kifaru mdogo.

"Nani amekuletea huyu?" nikauliza.

"Hakuna. Ni mgeni."

"Mgeni ni siku mbili."

"Ya tatu utampa jembe. Kaa chini ule, Karani."

Aliniita Karani akitaka kunitania, kwa kuwa nilikuwa karani wa bohari la mizigo pale stesheni na nilikuwa na tabia ya kutembea na kalamu mfukoni hata siku ya Jumapili. Yule kinyonga akabaki kuitwa Mgeni.

Asiyekulia nyakati zile hawezi kujua ni jambo zito kiasi gani kuweka kinyonga nyumbani. Landhi zilijaa watu wa makabila mengi, nao walipishana kwa kila kitu, lakini juu ya kinyonga walikuwa na kauli moja. Majirani zetu wengine walisema ndiye aliyetumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, ujumbe mwingine ukamtangulia. Kwetu sisi wa magharibi tulisimuliwa kwamba alimkuta mtu akila, akaomba chakula, akanyimwa, akamlaani mtu awe anakufa. Nilimkumbusha mke wangu hadithi hiyo nikidhani itamtisha. Akanijibu, "Basi mimi nampa chakula," akaendelea kumnyooshea panzi aliyemshika kwa mguu.

Tulikuwa hatujapata mtoto. Mimba moja ilikuwa imeharibika, na hatukuwa tunaizungumzia. Mgeni alipoingia nyumbani, watu wa landhi walipata sababu waliyokuwa wakiitafuta, japo mimba ile iliharibika kabla hatujamwona. Mke wangu alijua yanayosemwa bombani. Alikuwa akijaza debe lake, anajitwisha, anarudi nyumbani na kumwambia Mgeni habari za siku hiyo, kwa lugha ya kwao, kwa sauti ile watu wanayotumia na mtoto ambaye hajaanza kujibu.

Mimi kazi yangu ilikuwa nzi. Bohari lilikuwa na magunia ya sukari, na palipo na sukari inayovuja pana nzi wa kutosha. Nilijifunza kuwadaka kwa kiganja bila kuwaponda, nikawa nawapeleka nyumbani ndani ya kiberiti kitupu. Nilipofungua kiberiti, Mgeni aligeuza jicho moja kwangu na jingine kwa mke wangu, kama hakimu anayesikiliza pande mbili, kisha ulimi ukatoka. Tulicheka kila mara. Sikumbuki kitu kingine tulichokichekea pamoja mwaka ule.

Baridi ilipoingia, ile ya katikati ya mwaka inayoteremka kutoka Menengai na kukaa juu ya mabati mpaka jua lipande, akaanza kuugua. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Mgeni alikuwa akishinda amefumba macho mchana, jambo ambalo kinyonga mzima hafanyi. Aliinua kichwa juu kana kwamba anatafuta kitu darini, mdomo wazi, na kila akivuta pumzi palitoka kisauti kidogo, kama cha mtu anayevunja ukucha. Pembeni mwa mdomo palikuwa na povu. Rangi yake ilikuwa imekolea weusi, na hata nzi alipowekwa mbele yake alimtazama tu.

"Ni kifua," mke wangu alisema. "Msikilize. Anapumua kama mtoto mwenye kifua."

Alimfuata daktari wa ng'ombe sokoni siku ya mnada, akamweleza. Yule bwana alicheka mpaka akaegemea boma la mbuzi. "Mama, wa ng'ombe nina dawa yake. Ya kinyonga, kamuulize kinyonga."

Akarudi nyumbani akafanya hivyo hivyo. Alimuuliza kinyonga. Namaanisha kwamba alikaa akamtazama, asubuhi hii na asubuhi ile, akaona mambo. Aliona kwamba jiko la makaa likiwaka chumbani, hali inazidi. Aliona kwamba akimtoa nje jua likishatoka, na upepo ukiwa mdogo, weusi unapungua na mdomo unafumba. Aliona kwamba hataki maji ya kikombe, anataka yale yanayoning'inia kwenye jani. Akachukua tenga la kuku, akalitundika kwenye ua wa michongoma upande wa mawio, akamweka humo ili mwewe wasimchukue, na kila baada ya muda alikwenda kumnyunyizia majani. Usiku alimweka dirishani, mbali na jiko. Baridi ya usiku haikumdhuru, alisema, mradi mchana apate jua. Kwao ni huku huku mlimani, baridi anaijua kuliko sisi.

Alikuwa ameanza kupata nafuu pale habari ilipokuja kwamba mama yake mke wangu amezidiwa. Nyakati zile za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, safari ilitaka kibali, lakini mtu wa reli alipata chake upesi kidogo. Nilimkatia tiketi ya magharibi. Asubuhi ya kuondoka alinipeleka kwenye ua kabla hata hajafunga mzigo wake.

"Tenga liwe hapa, kila asubuhi, jua likigusa majani haya. Saa ya chakula uje umpe maji. Jiko likiwaka, yeye awe nje au dirishani. Usimkaribishie moshi."

"Nimesikia."

"Karani, sikutanii. Mama sijui kama nitamkuta. Huyu nikirudi nimkute."

Nikasema atamkuta.

Siku za kwanza nilifanya kama nilivyoambiwa, tena kwa furaha. Niliamka mapema, nikachemsha chai yangu huku mlango ukiwa wazi ili moshi utoke, nikangoja jua. Nilisimama pale uani na kopo la maji, nikichovya vidole na kurushia majani. Mgeni alikuwa akisogea polepole ndani ya tenga, anautandaza ubavu wake upande wa jua kama mtu anayeanika nguo. Siku moja alikula nzi wawili. Niliona fahari. Nilitamani mke wangu angekuwepo aone.

Njia ya kwenda karakana ya magari moshi ilipita karibu na ua ule. King'ora cha kwanza kilipolia, wanaume wa zamu ya asubuhi walipita wengi, makoti yao yana masizi, na nilikuwa nimezoea kusalimiana nao. Asubuhi moja mmoja wao, mtia makaa, mtu mwenye maneno, alisimama akachungulia ndani ya tenga.

"Karani, kuku wako ana pembe."

"Si kuku," nikasema.

"Naona. Bibi ameenda kwao?"

"Ameenda."

"Akakuachia mtoto."

Wenzake wakasimama. Mmoja akasema, "Mwache alee. Mtu hulea alichojaliwa."

"Na amefanana na baba yake," mtia makaa akasema. "Tazama macho. Moja liko kwa bosi, moja liko kwa bibi."

Wakacheka, wakaenda. Hawakuwa watu wabaya. Yule mtia makaa ndiye aliyetuazima blanketi zito tulipohamia, kabla hatujapata letu. Lakini nilibaki pale na kopo mkononi, nikasikia kicheko chao mpaka kilipopinda kwenye kona, na neno lile la mtoto lilinikaa shingoni siku nzima.

Kesho yake sikulitoa tenga.

Ningeweza kusema niliogopa. Nyakati zile mtu alishukiwa kwa jambo dogo, na askari waliokuwa wakipekua landhi wangeweza kuuliza kinyonga ni wa nini na uganga gani unafanyika. Wajukuu zangu, nikiwasimulia habari za miaka ile, wangekubali sababu hiyo. Si kweli. Hakuna askari aliyeniuliza chochote. Niliona haya mbele ya wanaume wanaokwenda kazini, basi.

Nilimweka chumbani, mlango umefungwa, na kwa kuwa chumba bila jua kilikuwa kama kisima, niliwasha jiko. Nilijiambia joto ni joto. Jioni ya siku ya pili kile kisauti kikarudi, na povu likarudi, na alikuwa ameshikilia fito za tenga kwa mikono yote miwili, kichwa juu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mama wa makamo, mwenye watoto sita wote wazima, ambaye landhi nzima ilimpelekea watoto wenye homa. Alisimama mlangoni kwangu asiingie.

"Baba, nasikia mgonjwa wenu amezidiwa."

Nilidhani ananidhihaki, lakini uso wake haukuwa wa dhihaka.

"Amebanwa kifua, mama."

"Na mlikuwa mnamtoa nje kwenye baridi hii."

"Mke wangu alisema jua linamsaidia."

"Mke wako ni mtoto, hajalea. Mwenye kifua hatolewi nje. Umeona wapi? Anafukizwa. Nenda pale kwenye mikaratusi, chuma majani machanga, chemsha, mfunike. Kifua kitafunguka." Akatazama tenga kwa mbali, akarudi nyuma kidogo. "Mimi huyo simgusi. Lakini kifua ni kifua."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nimefikiri sana juu ya shukrani ile. Mama yule alisema alichokijua, na watoto sita walikuwa hai kwa sababu ya alichokijua. Mimi ndiye niliyekuwa nimeona kwa macho yangu Mgeni akitandaza ubavu juani na kula nzi wawili. Niliupokea ushauri wake kwa sababu ulinipa ruhusa ya kubaki ndani.

Kila mtu aliyelelewa sehemu zetu anakumbuka kufukizwa. Sufuria inafuka mbele yako, blanketi linashuka juu ya kichwa, na macho yanawaka. Unalia, unapiga mateke, unataka kutoka, na mkono wa mkubwa unakushikilia kwa nje mpaka maji yapoe. Hatukufundishwa kuuona mkono huo kama ukatili. Anayekushikilia sana ndiye anayekupenda sana. Anayekuonea huruma na kufunua mapema ndiye atakayekuua.

Nilichuma majani ya mkaratusi, nikayachemsha mpaka chumba kizima kikanuka. Niliweka sufuria chini, nikaweka tenga juu ya mafiga mawili mvuke upite katikati, nikafunika kwa blanketi letu. Nikapiga magoti nikalishikilia pande zote.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia makucha yake kwenye fito. Alikuwa akipanda, anateleza, anapanda tena. Kinyonga hana haraka, hiyo ndiyo sifa yake duniani kote, lakini huyu alikuwa anakwenda haraka. Nilisema naye kama mama yangu alivyokuwa akisema nami, "Vumilia, karibu, karibu." Nilifumba macho. Mikono yangu haikulegea.

Nilipofunua, mvuke ulikuwa umekwisha. Weusi wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa na rangi ya majani makavu ya mahindi, na kwa upumbavu wangu nilifurahi, nikadhani kupauka ni kupona. Nilimwekea tone la maji kwenye jani, likateremka kidevuni. Alikuwa bado anapumua.

Kesho yake niliporudi saa ya chakula nilimkuta chini ya tenga, ubavu mmoja, mkia umejikunja vizuri kama siku zote. Mdomo ulikuwa wazi. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika fito, na ilibidi nimfungue kidole kimoja kimoja. Nilikuwa na nzi ndani ya kiberiti. Nilikwenda nje nikawaachia.

Nilimzika chini ya michongoma, nikarudi kazini. Jioni hiyo hiyo dereva wa gari moshi la magharibi alinitafuta boharini, akanipa salamu za msiba. Mama mkwe alikuwa amefariki na kuzikwa, kwani zamani maiti haikungojwa. Mke wangu angebaki mpaka watu wanyolewe nywele, kama desturi ya kwao, kisha angerudi. Mimi nilipaswa kwenda. Mkwe haagwi na watu baki. Niliomba ruhusa, wakubwa wa kazi wakasema ngano na pareto zimejaa boharini, nami sikuomba mara ya pili. Hilo nalo ni langu.

Alirudi baada ya zaidi ya wiki moja. Nilimngoja jukwaani. Aliteremka na kitambaa cheusi kichwani, na kilipotelezeka kidogo niliona kichwa chake kimenyolewa, kidogo kuliko nilivyokijua, na masikio yametokeza kama ya msichana wa shule. Nilimpokea mzigo. Nikampa pole. Akaitikia. Kisha akaniuliza, pale pale, watu wakitupita:

"Mgeni yuko aje?"

Nilikuwa nimepata siku nyingi za kutayarisha jibu, na nilikuwa nimelitayarisha.

"Alikufa."

"Lini?"

"Juzi."

Sikusema juzi kwa bahati mbaya. Nilitaka ajue kwamba nilimuuguza kwa muda mrefu. Nilitaka kuonekana mtu aliyejitahidi mpaka mwisho. Kumbe sikuwa nimefikiria hesabu ya upande wake.

"Juzi," akasema. Alikuwa ametazama reli. "Nywele tulimaliza kunyolewa siku nne zilizopita. Nilikaa tu kumsaidia dada kugawa vyombo vya mama. Vyombo, Karani. Vikombe." Akakivuta kitambaa mbele. "Ningekuja siku ile ningemkuta."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ulimtoa juani?" akauliza.

"Kila siku."

Akatikisa kichwa polepole, kukubali. "Basi ni mimi," akasema.

Hakulia mbele yangu. Nyumbani alilisafisha lile tenga, akalirudisha kwa mwenye kuku aliyemwazima. Hakuniuliza nimemzika wapi. Jirani yetu alikuja kumpa pole ya mama yake, wakakaa, na nilikaa nao wakati wote, chai yangu imepoa, nikiogopa yule mama asije akauliza kama kufukiza kulisaidia. Hakuuliza. Nadhani aliona aibu kutaja kinyonga kwenye maombolezo ya mtu.

Kuanzia hapo mke wangu aliacha kusafiri. Sikulielewa jambo hilo mara moja. Kaka yake alipomwita kwa ajili ya sherehe ya kumkumbuka mama, alisema kuku wanataga, hawezi kuwaacha. Tulipojaliwa mtoto wa kwanza, nikadhani atataka kumpeleka kwao waone kwamba midomo ya bombani ilisema uongo. Hakwenda. Hakumwacha mtoto kwa mtu hata kwa muda wa kwenda sokoni. Alimfunga mgongoni akaenda naye, na wanawake walimwambia ana pupa. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunachambua maharagwe, "Mtu akiondoka, kitu chake hufa." Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikainama nikaendelea kuchambua.

Kisha baba yake akaugua. Alituma mtu, akatuma tena. Mara zote mbili alimtaja binti yake huyu na si mwingine. Mtoto wetu alikuwa na mafua, mafua ya kawaida tu, pua inachuruzika. Nilimwambia aende, mimi na jirani tutamwangalia. Akanitazama bila hasira yoyote.

"Wewe najua utajitahidi," akasema. "Lakini siendi."

Baba yake alizikwa bila yeye.

Sasa mke wangu naye amelala kwenye shamba letu dogo kule Njoro, na watoto wamepanda maua wasiyoyajua majina. Tuliishi vizuri. Watu husema hivyo juu yetu na si uongo. Lakini nilikuwa na nafasi moja ambayo bado naiona vizuri kuliko uso wangu kwenye kioo, nayo ni ile safari tuliyokwenda hatimaye kumlilia baba yake, wiki kadhaa baada ya mazishi, sote watatu, mtoto amelala mapajani mwake. Behewa lilikuwa tupu upande wetu. Gari moshi lilikuwa likipanda kuelekea Molo, ukungu umefunga madirisha, na magurudumu yalikuwa polepole kiasi kwamba mtu angeweza kuzungumza bila kupaza sauti. Mke wangu alikuwa akilia bila kelele, machozi yakimdondokea mtoto kwenye kofia.

"Kuna jambo," nikasema.

Akageuka. "Sema."

Alinitazama akingoja, kwa subira, kama mtu ambaye hatarajii baya kutoka kwangu. Gari moshi likaanza kupunguza mwendo. Nje niliwasikia wanawake wa stesheni wakikimbia sambamba na mabehewa, wakiuza viazi vya kuchemsha.

"Unataka chai hapa?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo, akafuta uso kwa ncha ya kitambaa, akasema atakunywa. Nikashuka nikamnunulia. Ilikuwa ya moto sana. Alikishika kikombe mbali na mtoto, akaipuliza kwa muda mrefu kabla ya kunywa.